Samli ya Pemba haitiwi manjano

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum. Gazeti lako hufika kwetu Kangagani likiwa na siku mbili tatu, na mara nyengine hufika likiwa limeshafungiwa kitu. Safari hii lilinifikia na vitumbua. Nilivinunua kwa jirani yangu alfajiri, nikakunjua karatasi, nikakuta barua ya msomaji mmoja wa Mjini Unguja aliyekasirika kweli kweli. Anasema kaletewa kidumu cha samli kutoka Pemba, kaikuta ina rangi ya njano kupita kiasi, akajua hapo hapo kwamba wafugaji wa huku tunaitia bizari ya manjano ili ionekane nzito. Akairejesha. Kisha akawatahadharisha na wenziwe.

Sijui kama samli ile ilikuwa yangu. Inawezekana, maana ninao watu wawili wanaonichukulia vidumu mpaka Mkoani kwenye boti. Lakini hata kama haikuwa yangu, nimekamua ng'ombe miaka 24, tangu marehemu mume wangu alipotuletea mtamba wa kwanza kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na hilo neno la manjano limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Naomba nafasi nimjibu. Nikishamjibu nina jambo la pili la kumwambia, ambalo yeye hakulitaja kabisa, na ndilo lililoninyima usingizi mimi.

Kwanza, ndugu yangu wa Mjini, kujua kama samli imetiwa manjano ni kazi ndogo. Muulize mwanamke yeyote aliyewahi kujimwagia manjano kwenye kanga siku ya pilau. Ukilisugua lile doa kwa mche wa sabuni linageuka jekundu, unadhani umejikata. Basi chukua samli yako kidogo, ipake kwenye kitambaa cheupe, sugua na sabuni. Ikigeuka nyekundu, njoo Kangagani unitukane mbele ya sheha. Isipogeuka, hiyo njano kaitia ng'ombe mwenyewe.

Na kaitoa kwenye majani. Kwenye majani mabichi kuna kitu kinaitwa karotini, kile kile kinachoipa rangi karoti, na embe, na boga. Huwezi kukiona jani likiwa bichi kwa sababu ukijani unakifunika. Ng'ombe anapokula, sehemu yake anaigeuza kuwa vitamini A, na sehemu inapita kama ilivyo hadi kwenye mafuta ya maziwa. Watu huniuliza: mbona basi maziwa yenyewe ni meupe? Meupe kwa sababu mafuta yamo ndani yake kwa vitone vidogo sana, kila kitone kimevikwa ngozi yake, na mwanga ukiyapiga maziwa unatawanyika. Ngoja nisuke mtindi kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge, hapo ndipo njano inapotoka mafichoni. Ukiichemsha siagi iwe samli, inakoza zaidi.

Mbuzi hana mambo hayo. Karotini yote huigeuza kuwa vitamini A, kwa hiyo maziwa yake na siagi yake ni nyeupe hata akila bustani nzima. Nyati maji wa Bara Hindi ni hivyo hivyo, na samli yao ni nyeupe. Kwa hiyo weupe peke yake si aibu, inategemea mnyama gani. Lakini kwa ng'ombe, na khasa ng'ombe mwenye damu ya Jersey kama wangu mkubwa, Zabibu, weupe unakwambia jambo: unakwambia ng'ombe huyo hajaona jani bichi siku nyingi.

Mimi naona mwaka mzima ukipita kwenye chupa zangu. Masika, mabonde yote yamejaa, nakata majani ya tembo kando ya bonde la mpunga, naongeza marando ya viazi na matawi ya mlusina kutoka kwenye ua (mlusina kidogo, kwani ukizidi unamdhuru), na samli yangu inatoka rangi ya embe dodo lililoiva. Kipupwe bado iko hivyo. Ikifika Februari, jua la kaskazi limeshachoma kila kitu, nawapa majani makavu ya mpunga, na jua linapokausha majani huiua karotini nyingi. Samli inapauka, inakuwa kama ile ya kopo. Mteja wangu mmoja wa Wete hununua ya Mei na Juni tu, anaweka ya mwaka. Mwanamke mzee yule, hajasoma skuli hata siku moja, na anajua kuliko sisi.

Nakiri kwamba mengi ya haya nilikuwa nayajua kwa macho, sababu zake sikuzijua. Binti yangu wa tatu anasomea mifugo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kila akija likizo hunikalisha kitako akanifundisha ng'ombe zangu mwenyewe. Nakasirika kidogo, kisha nasikiliza.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba njano si rangi tu. Ng'ombe anayekula majani mabichi maziwa yake huwa na vitamini E zaidi, na yale mafuta yanayosifiwa kwa afya ya moyo, yanayoitwa omega-3, huongezeka kulinganisha na ng'ombe anayelishwa nafaka na pumba. Nikafurahi, nikasema basi nitapandisha bei, maziwa yangu ni dawa. Akanicheka. Akasema, mama, ni kweli yanaongezeka, lakini maziwa hayana omega-3 nyingi tangu hapo. Kibua mmoja wa kuchoma anayashinda mbali. Wewe unaishi Pemba, samaki yupo mlangoni. Basi nami nasema alivyosema: majani mabichi yanafanya maziwa kuwa mazuri zaidi, ila asije mtu akawauzia maziwa kwa jina la dawa ya moyo.

Yapo pia yasiyobadilika. Chokaa ya maziwa, ile inayojenga mifupa, huwezi kuiongeza kwa kumlisha ng'ombe vizuri, wala haipungui sana ukimlisha vibaya. Ng'ombe akikosa chokaa kwenye chakula anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe akaitia kwenye maziwa. Mama ni mama. Na wengine wakishazaa tu, maziwa huivuta chokaa ya damu upesi kuliko mifupa inavyowahi kuitoa, wanaanguka, hawawezi kusimama, mpaka daktari aje na chupa ya kuwatia mshipani. Lakini madini joto, haya yanayozuia rovu, yanafuata chakula. Yakiwamo kwenye chakula au kwenye chumvi ya kulamba, yatakuwamo kwenye maziwa. Kuna wenzetu wa pwani wanaookota mwani uliotupwa na maji wakawapa ng'ombe, na mwani umejaa madini joto. Binti kasema kidogo hakuna neno, ukizidi nao ni madhara, na hakuna anayepima. Mie sina mwani, niko bondeni, naliacha hapo.

Sasa pumba. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo tunapodanganyana, wauzaji na wanunuzi.

Miaka michache nyuma kiangazi kilikuwa kikali, majani hakuna, na mnunuzi wetu wa maziwa alikuwa anataka lita, lita, lita. Nikaongeza pumba za mahindi na mashudu, nikapunguza majani makavu kwa sababu ng'ombe hawayapendi. Lita zikapanda kweli. Zabibu alikuwa akinipa saba, akafika tisa. Nilijiona hodari. Nikaja kusuka mtindi wa siku ile niliyozoea, siagi ikatoka kidogo, nikadhani kibuyu kinavuja. Kwa kawaida kilo moja ya samli inanitaka lita 20 hadi 25 za maziwa, inategemea ng'ombe. Wakati ule nilipita 30 na samli haijafika kilo.

Sababu yake ni hii, na mimi naipenda kwa kuwa imo jikoni. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama pipa kubwa la kuchachulia. Humo mna vijidudu visivyohesabika, na ng'ombe hali majani kwa ajili yake, anavilisha vile vijidudu kwanza. Vikichachusha nyuzi za majani, vinatoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Siki! Hiyo siki inaingia kwenye damu, inafika kiweleni, na kiwele kinaitumia kutengeneza mafuta ya maziwa. Ukimpa wanga mwingi na nyuzi chache, vijidudu vinatoa asidi ya namna nyengine, siki inapungua, na mafuta yanapungua. Isitoshe, majani marefu yanamfanya acheue, na akicheua anatoa mate. Ng'ombe mkubwa hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, mate yenye kitu kama magadi kinachotuliza ule ukali tumboni. Pumba hazicheuliwi. Kwa hiyo tumbo linachachuka kupita kiasi, ng'ombe anaanza kuharisha, anakonda, miguu inamuuma, na lita zenyewe zinarudi chini. Zabibu aliharisha wiki nzima. Nilimrudishia majani ya tembo, ya kununua, kwa bei ya kuumiza.

Mnunuzi wa maziwa hakuliona hilo. Anacho kile kipimo cha kioo kinachoelea, anakitia kwenye ndoo, anaangalia kama tumechanganya maji, anaandika kwenye daftari. Lita moja yenye mafuta na lita moja isiyo na mafuta kwake ni shilingi 2,000 zote mbili. Basi kwa nini mfugaji ahangaike na panga na mundu bondeni?

Ningeweza kuendelea na vitunguu pia. Mwaka mmoja mkwe wangu aliniletea gunia la vitunguu vilivyoanza kuoza, nikawapa ng'ombe jioni kabla ya kukamua. Chai ya asubuhi nyumba nzima ilikuwa mchuzi. Harufu ya kitunguu haipiti tumboni tu, ng'ombe akiivuta kwa pua inaingia kwenye damu kutoka mapafuni, na nusu saa haipiti ishafika kwenye maziwa. Kitu chochote chenye harufu kali, mpe baada ya kukamua. Lakini kitunguu angalau kinajitangaza. Mtu ananusa, anamwaga, yamekwisha.

Jambo nililosema nitamwambia ndugu wa Mjini halina harufu.

Vuli iliyopita nilinunua gunia la pumba za mahindi mjini. Duka silitaji. Magunia yale yanakuja na majahazi na boti kutoka Bara, mengine yanalowa njiani, yanapangwa chini kwenye sakafu ya saruji, na hewa yetu mnaijua, hata chumvi mezani inalia machozi. Mwenye duka alinipunguzia shilingi 5,000. Nilipofika nyumbani nikalifungua, nikatia mkono, katikati kulikuwa na joto na mabonge, na mabonge yana ukungu wa kijani kibichi. Nikarudi siku ya pili kulalamika. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemwelewesha mtoto: "Bibi, kwani hii ya kula watu? Hii ya ng'ombe."

Nami, Mhariri, nilikubali. Hilo ndilo linalonitia haya. Nilirudi nyumbani, nikayavunja mabonge, nikachanganya na pumba nzima ili ng'ombe wasisuse, nikawapa. Kwani si ndivyo tulivyolelewa? Wali umechacha, mpe ng'ombe. Mahindi yamefanya ukungu, mpe ng'ombe. Maganda ya muhogo yamelala kwenye rundo mpaka yakawa meusi, ng'ombe. Mbata iliyokauka vibaya ikashika kuvu, ikamuliwe mafuta, na mashudu yake ng'ombe. Kila tunachokitema tunakitia kwenye kinywa cha ng'ombe, kisha asubuhi tunaweka ndoo chini yake.

Siku ya sita binti akaja likizo. Akaenda bandani kuwasalimia ng'ombe kabla ya kunisalimia mimi, ndio tabia yake, akaliona gunia. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Maziwa ya wiki hii kanywa nani?"

Kayanywa mjukuu wangu. Ana miaka miwili, kaachishwa ziwa juzi juzi, anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na nilikuwa nikimchemshia vizuri, mara mbili, nikiona nafanya jambo la maana.

Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu. Neno hilo wengi tumelisikia kwenye redio, khasa baada ya mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Wenzetu wa Kenya, upande wa mashariki, mwaka 2004 walizika watu 125. Lakini tulilisikia kama habari ya ugali. Wachache walitwambia ni habari ya maziwa pia. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, ini lake linaigeuza, na sehemu yake, moja au mbili tatu katika mia, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi hata sita, inatoka kwenye maziwa. Haichukui muda. Akila leo, kesho imo kwenye ndoo. Kuchemsha hakuiondoi. Kugandisha mtindi hakuiondoi, tena inashikamana na ile sehemu ya maziwa inayoganda. Samli ndiyo inayoponea zaidi, maana sumu hii haifuati mafuta, kwa hiyo yule bwana na kidumu chake huenda alikuwa salama kuliko mjukuu wangu na kikombe chake.

Sitaki kumtisha mtu zaidi ya kweli. Sumu inayotoka kwenye maziwa ni dhaifu kuliko ile iliyoingia kwa ng'ombe. Kwa upande wa saratani inakisiwa kuwa na nguvu kama sehemu moja ya kumi. Hakuna aliyeanguka nyumbani kwangu. Mtoto yuko mzima, alhamdulillahi, anavunja vikombe. Lakini ni sumu ya ini, inajikusanya madhara yake polepole, na anayekunywa maziwa kila siku ya Mungu ni mtoto mdogo, sio mimi ninayetia kijiko kwenye chai. Kiwango cha kimataifa cha sumu hii kwenye maziwa ni nusu gramu katika tani 1,000. Umoja wa Ulaya wamekaza mara kumi zaidi ya hapo. Watu hawafanyi ukali huo kwa mchezo.

Na jicho halitoshi. Kuvu si zote zina sumu, na pumba zinaweza kuonekana safi, nyeupe, zinanukia vizuri, na sumu imo. Mimi nililiona bonge la kijani. Je, magunia ambayo sikuona kitu?

Binti alinifariji kwa jambo moja: ukimwondolea ng'ombe chakula kibovu, maziwa yanasafika ndani ya siku tatu nne. Basi siku nne nilimwaga. Ndama naye nikamzuia asinyonye, nikamnunulia maziwa kwa mtu mwengine, jambo ambalo halijapata kutokea kwangu tangu nianze kufuga. Lita tisa kwa siku, siku nne, lita 36. Kwa bei ya mnunuzi ni shilingi 72,000 zilizokwenda shimoni, kwa ajili ya punguzo la shilingi 5,000. Wapiti njia walisimama kuniangalia. Mmoja aliuliza kama nimeingiwa na shetani.

Sasa nimrudie ndugu yangu wa Mjini. Nyinyi Unguja mna wivu na ng'ombe zetu tangu zamani, nawajua. Mbung'o wenu walikuwa wakiwaulia mifugo mpaka miaka ya 1990, wakaletwa mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi ili majike wasizae, wakamwagwa kwa ndege, mbung'o wa mwisho akanaswa 1996. Sisi Pemba hatukuwa nao hata kabla ya ndege. Natania. Lakini nakuomba hivi: ukiletewa samli au maziwa, usiulize tu kama yametiwa maji au rangi. Muulize muuzaji, ng'ombe wako kala nini mwezi huu? Pumba zako unaweka wapi? Akishindwa kujibu, au akikujibu "chochote tu", hapo ndipo urejeshe kidumu.

Kwa wafugaji wenzangu, ninayofanya mimi siku hizi hayana gharama kubwa. Gunia halikai sakafuni, lipo juu ya kichanja cha mbao, mbali na ukuta. Sinunui la mwezi mzima, nanunua la wiki mbili. Natia mkono mpaka katikati kabla ya kulipa, muuzaji akinuna na anune. Maganda ya muhogo nayatandaza kwenye jamvi siku ile ile kama karafuu, yakilowa usiku siyahesabu tena kuwa chakula. Na kiangazi, badala ya kuongeza pumba, nimepanda majani ya tembo mstari mmoja zaidi kando ya kisima, hapo maji ya kufulia yanapomwagikia. Bado hayatoshi. Kiangazi ni kiangazi.

Kwa wanaohusika na mifugo na vyakula serikalini, nina ombi moja. Vipo vijikaratasi vya kupimia sumukuvu kwenye maziwa, vinafanana na kile kipimo cha mimba, unachovya, unasubiri dakika chache, unasoma mistari. Binti alivitumia chuoni. Basi kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, pembeni ya kile kioo kinachoelea, viwekwe na hivyo, hata kama ni mara moja kwa wiki. Na magunia ya pumba na mashudu yapimwe bandarini yanaposhuka, kabla hayajafika kwetu. Wasiseme eti pumba za ng'ombe si za kula watu. Dawa wanazopigwa ng'ombe sindano leo maziwa yakauzwa kesho nazo nina la kusema, lakini hiyo ni barua nyengine.

Nimalize na lile gunia. Nusu yake ilibaki. Sikuwapa tena ng'ombe, lakini nalo sikulitupa, nililifunga kamba nikaliweka nyuma ya banda, uchungu wa pesa Mhariri unaujua. Limekaa hapo miezi. Juzi nilipoanza kuiandika barua hii nikaona siwezi kuandika haya na gunia liko nyuma yangu. Nikachimba shimo chini ya migomba, nikalizika, nikapiga jembe juu. Asubuhi nimeamka kukamua, shimo liko wazi. Jirani yangu wa vitumbua kalifukua, yuko uani kwake kalimwaga juani kwenye jamvi, anayachambua mabonge.

Nikamwendea. Nikamweleza yote, ini, mtoto, siku nne, nusu gramu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa pumba.

"Shoga," akanambia, "si umesema ng'ombe? Mie nna mbuzi."

Mbuzi wake kazaa wiki iliyopita, pacha, na anamkamulia mama yake mgonjwa. Nikamwambia asipolirudisha lile gunia shimoni nitaliandika gazetini.

"Andika," akasema. "Nitafungia vitumbua."

Mfugaji,
Kangagani, Wete, Pemba
(Jina na anwani anavyo mhariri)